Pumzi Yenye Harufu ya Embe

Dada yangu Sabrin,

Asalaam aleikum. Huku Kiamaiko tu wazima. Mbuzi wamepanda bei, nami nimepanda uzito.

Juzi watafiti walileta kwenye zahanati yetu kifaa kinachopima maradhi kwa pumzi. Nikamwuliza binti aliyekishika kinajuaje. Akasema ndani mna vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, vinavyonasa harufu ya ugonjwa.

“Kumbe ni kama mkate wa anjera!” nikamwambia. “Vitundu vyake hunasa mchuzi.”

Akacheka. “Ndivyo hivyo, mzee. Haya, puliza.”

Nikapuliza kama anayewasha jiko la makaa.

Kikanasa. Wakapima na damu, ikathibitisha: nina ugonjwa wa sukari. Nimeanza dawa, kwa hiyo usinitumie halua ya Idi. Wifi yako ananilinda kama askari jela.

Binti alisema sukari ikizidi sana, pumzi huweza kunukia tunda lililoiva. Unakumbuka marehemu Baba, siku zake za mwisho, alivyonukia embe, nasi tukamtania kwamba anakula peke yake akituficha?

Sabrin, hakutunyima. Nenda nawe ukapimwe.

Kaka yako mnene,
Magan