Funguo Zote Ziko Juu ya Friji

Baba watoto,

Ulipokuwa unaoga, wakala wa bima alipiga simu kuhakiki madereva wa bima yetu mpya, ile moja inayojumuisha magari yote mawili na pikipiki. Akanisomea: wewe na mdogo wako, anayeazima pikipiki sikukuu tu. Mimi ninayezungusha nyumba nzima kwa gari kutwa, hukunikumbuka.

Haya, asiye kwenye bima haendeshi. Wapeleke watoto shule, kisha mama yako kliniki. Gesi imeisha, kajaze mtungi. ~~Chakula kipo jikoni.~~ Chakula utapika.

Nimekwenda kazini kwa miguu. Usinipigie mimi, mpigie wakala. Jioni uje unichukue. Nitakaa kiti cha nyuma.

Mama watoto,
abiria wako