Nyama Iliyoota Kwenye Mguu wa Baba

Kwa Dada Skola, Ivuna

Dada yangu mkubwa, shikamoo. Naandika nikiwa nimevaa masweta mawili, kwa hiyo ukiona mwandiko umepinda usiseme nimekuwa mzungu, ni vidole vimekufa ganzi. Hamjambo hapo nyumbani? Kifua cha Mama kinasemaje? Mpunga umepata maji au mvua imewapa kisogo? Mimi ni mzima. Baridi ya huku nimeizoea kama mtu anavyomzoea mke mwenza, yaani sijaizoea.

Barua hii itapitia dukani kwa Bwana Hamisi pale Tunduma, yule mwenye lori linalokuja kuchukua chumvi. Ningeweza kupiga simu, lakini simu ya Baba unaijua: lazima iwekwe sauti ya juu, nyumba nzima isikie na majirani wachangie. Jambo hili ni refu, na nikikatizwa sitalimaliza.

Nianze na kazi yangu, maana kila ukiuliza nakujibu kwa mkato. Hapa maabara nalisha seli. Seli ni vile vipande vidogo kabisa vinavyojenga mwili, havionekani bila darubini. Tunazifuga kwenye visahani vya plastiki, ndani ya kabati lenye joto lile lile la mwili wa mtu. Ukifungua mlango, joto linakupiga usoni kama mtu amekupumulia. Siku za mwanzo nilikuwa nabisha hodi kabla ya kufungua. Wenzangu walicheka, lakini mpaka leo sijaacha.

Mwaka juzi bosi wangu, mama mmoja mzee asiyependa maneno mengi, aliomba anayetaka ajitolee kipande cha ngozi ya mkono, kama punje ya mchele. Nikajitolea. Basi nikawa najilisha mwenyewe, Dada. Kila baada ya siku mbili nabadilisha maji kwenye sahani yenye jina langu. Seli zangu zikawa zinagawanyika, mbili zinakuwa nne, sahani inajaa, naziweka kwenye nyingine. Bosi alinieleza kwamba kila zinapogawanyika, ncha za nyuzi za vinasaba vilivyo ndani yake hupungua kidogo, kama penseli inayochongwa. Ncha zikifupika sana, seli inafunga breki, haigawanyiki tena.

Niliiona siku hiyo ilipofika, mwanzoni mwa mwezi huu. Zilikuwa zimetanuka, bapa, kama mayai ya kukaanga. Nilikuwa nimezeeka kwenye sahani, huku nimesimama pale na meno yangu yote. Nikauliza, "Nizitupe? Naona zimekufa."

"Hazijafa," bosi akasema. "Zimekaa tu. Na zinaita."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Akanieleza kwamba seli iliyozeeka hutoa vitu kwenye maji yanayoizunguka, vya kuwaita jirani zake: njooni, hapa pameharibika, jengeni. Mtu akijikata, wito huo una faida. Ngozi inajengwa, kisha kinga ya mwili inazifagia hizo kuukuu, na kunakuwa kimya. Lakini kidonda kisipopona, zinabaki pale zinaita, mwaka hadi mwaka.

Bosi akachukua maji ya sahani yangu, akayamimina kwenye sahani mbili alizozikwaruza mstari katikati, kama jeraha. Moja ilikuwa na seli za kawaida. Nyingine ilikuwa na seli za kansa za mwanamke aliyefariki kabla mimi sijazaliwa. Zake hazina breki, na zimejua namna ya kurefusha zile ncha, kwa hiyo hazizeeki. Kesho yake asubuhi nikachungulia. Za kawaida zilikuwa bado zinajikongoja ukingoni. Za marehemu zilikuwa zimeshaziba jeraha lote, zimepandana, na bado zinaendelea. Unakumbuka Bibi alivyotukataza kuitika tukisikia tunaitwa na anayeita haonekani? Hapa aliyeita nilikuwa mimi, na aliyeitika alikuwa marehemu. Niliogopa, mchana kweupe, na watu wamejaa chumbani.

Adhuhuri ya siku hiyo hiyo ndipo ulipopiga simu. Ukasema, "Mdogo wangu, Mungu ametenda. Kidonda cha Baba kimeota nyama, imejaa mpaka imepita ngozi." Kabla sijakujibu, Baba akakunyang'anya simu.

"Mwanangu, nimerudi jiko la chumvi," akasema. "Juzi nimepika mwenyewe. Hakuna aliyenifukuza."

Wewe na mimi tunajua maana yake. Tangu maji ya chumvi yanayochemka yalipommwagikia kwenye muundi wa mguu, mimi nikiwa darasa la pili, alikuwa hajasogelea jiko, kwa kuwa kwetu mwenye kidonda hapiki chumvi. Zaidi ya miaka ishirini amekaa pembeni anasuka mikeka, akisikia wenzake wanavyotaniana motoni. Nikasikia Mama anapiga vigelegele. Nikasema kwa sauti ya watu wote kusikia, "Hongera Baba, umepona."

Halafu ikaja ile picha aliyoipiga Bwana Hamisi kwa simu yake. Nyama imeinuka kama kilemba cha jogoo, kingo zimejikunja kwa nje. Nawe ukaongeza kwamba haimuumi, ila harufu ndiyo imebadilika. Dada, nyama ya kupona huja taratibu na hujua pa kuishia. Hii haijui. Kidonda kilichokaa miaka mingi kinaweza kugeuka kansa, na naogopa hiki kimegeuka. Picha si kipimo, naweza kuwa nimekosea, na naomba niwe nimekosea. Ila msitafute mchawi. Kikulacho ki nguoni mwako.

Hapa kalamu inanigomea. Bibi alisema kidonda kisichotoa damu kimesahau kupona. Kila asubuhi kabla ya shule mimi ndiye niliyekisugua kwa kitambaa na maji ya chumvi ya moto mpaka damu itoke, Baba ameuma kijiti, jasho linamtiririka. Nilipokwenda chuo nikakuachia wewe kitambaa. Kila tulipokiamsha, tuliziita zile seli zijenge upya, nazo zikazidi kuzeeka na kuita. Sisemi sisi ndio tuliomletea, kwa maana kidonda cha namna hiyo kinaweza kugeuka hata bila kuguswa. Lakini nina aibu, na nina hasira na Bibi, ambaye hayupo wa kugombana naye. Kitambaa kile kichome leo. Kidonda kioshwe taratibu kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kifungwe kwa kitambaa safi.

Kisha apelekwe hospitali Mbeya, wakate kipande kidogo pale ukingoni wakipime. Mama amwangalie kinenani kama ana mtoki, na kama upo, daktari aambiwe. Wanaweza kusema waiondoe nyama hiyo, wanaweza kusema mguu. Jambo hili likiwahiwa, mtu anapona kabisa. Likicheleweshwa, sitaki kuliandika.

Najua ameshakataa. Umeniambia mganga wa zahanati alimshauri vizuri, naye akamjibu, "Binti yangu wa maabara ameshasema nimepona, wewe nani?" Kwa hiyo kinachomzuia ni neno langu.

Nisalimie Mama, na shemeji yangu mume wako, mwambie jembe lake nalikumbuka kuliko uso wake. Nisalimie shangazi wa Msangano mwenye ulimi mkali, tutauhitaji ulimi huo Baba akigoma kupanda gari. Bwana Hamisi mpe asante yangu kwa picha.

Na barua hii msomee Baba yote, usiruke mahali. Ukifika hapa, mpe karatasi aishike.

Baba, shikamoo. Ile hongera nilikupa kwa woga, kwa kuwa sikutaka kuwa mtu wa kukuondoa tena jikoni. Sikuwa nimepima kitu. Nakuomba unirudishie hongera yangu, uende Mbeya.

Mwanao,
Tamari