Jambazi Mkuu wa Shela

Mpwa wangu Zuhura,

Nakusalimu sana. Msomee mamako kwa sauti: bila nduguye, Waingereza hawa wangeshafunga mizigo! Wanapiga sinema ya kaboi kwenye vilima vya mchanga vya Shela, na jambazi mkuu ni mimi. Makaboi wenyewe wa ajabu. Wanapanda punda, na kabla ya kupigana risasi wanaombana radhi, wanamiminiana chai.

Leo nimelazwa kwenye mchanga wa moto, siruhusiwi hata kujikuna, na chai yao haiishi. Mara mzee mmoja akapita na punda wake, yuwaenda mjini Amu.

"Asalaam aleikum!"

"Waaleikum salaam!" nikajibu.

Mwongozaji akatupa kofia chini. Mkalimani wake akanifokea, "Bwana, maiti hajibu!"

"Salamu ni wajibu, bwana. Maiti wa kwenu ndio hawana adabu."

Nimepewa kesho tu, nikikosea tena naondoka. Tangu alasiri nazunguka uani, kukaa siwezi.

Mungu awatunze nyote. Hapa chini usimsomee mamako: ujambazi sikupewa. Mimi ni maiti, Zuhura, na hata umaiti unanishinda.

Mjomba wako Athumani