Muhuri Aliotaka Baba Clare

Kariobangi,
3 Machi 2025

Kwa ofisi ya Tulia,

Bwana asifiwe. Natumai mko salama hapo ofisini na kazi inasonga. Huku kwetu tuko, mvua imeanza na tunamshukuru Mungu, ila paa la jikoni halishukuru.

Mimi ni Mama Clare. Nambari yenu nimeitoa nyuma ya kopo la Tulia, pale mmeandika "Una swali? Tuandikie." Basi ninalo. Mume wangu, Seth Luseno, alivuta sigara tangu ujana. Mwaka jana moyo ukamsumbua, daktari akamwambia aache. Akaacha, hata tukatoa shukrani kanisani. Kumbe amehamia kwenu! Sasa anaweka vile vipakiti vyenu vya nikotini ndani ya mdomo kutoka asubuhi, mpaka kwenye ibada, mimi nikidhani ni peremende. Daktari anasema navyo aviache, presha imekataa kushuka. Mzee anasema daktari ni mtoto mdogo, pasta hajui haya mambo, na mimi ndiyo kabisa.

Huyu mzee alikuwa karani wa kanjo, baraza la jiji, mpaka akastaafu. Kwake jambo si jambo mpaka ofisi iliseme na kugonga muhuri. Ameniambia Clare binti yetu akisikia, "Waliotengeneza wakisema inadhuru, naacha siku hiyo hiyo."

Kwa hivyo nawaomba sentensi moja tu. Mtu mwenye shida ya moyo atumie Tulia, au asitumie?

Mama yenu katika Kristo,
Mama Clare

*

4 Machi 2025

Habari Mama Clare,

Asante kwa kuwasiliana na Tulia. Tunathamini maoni yako. Tulia ni bidhaa isiyo na moshi, iliyotengenezwa kwa watu wazima wanaopenda uhuru wa kuchagua. Kwa maswali kuhusu hali ya mtu binafsi, tunakushauri umwone daktari.

Uwe na siku tulivu!

Kate,
Huduma kwa Wateja

*

Kariobangi,
5 Machi 2025

Mwanangu Kate,

Hujambo? Na wazazi hawajambo? Nimefurahi kupata mtu mwenye jina.

Lakini mwanangu, jibu lako nimelisoma na kulirudia nikitafuta jibu ndani yake. Daktari anasema aache, mzee anasema niulize ofisi, na ofisi inanirudisha kwa daktari. Nimemsomea mzee, akacheka mpaka akakohoa. "Umeona? Ingekuwa mbaya si wangesema?" Kwa hivyo kutosema kwenu yeye anakuhesabu kuwa ruhusa.

Na usikasirike kwa hili. Mumin, mwenye duka hapa chini, ananiambia siku hizi kwenye hizo nambari hakuna watu, ni mashine zinaandika. Sitaki kuwa nimesalimia mashine na kuiulizia wazazi. Kama wewe ni mtu, niambie mchana umekula nini.

Mama yako,
Mama Clare

*

6 Machi 2025

Habari Mama Clare,

Asante kwa kuwasiliana na Tulia. Tunathamini maoni yako. Tulia ni bidhaa isiyo na moshi, iliyotengenezwa kwa watu wazima wanaopenda uhuru wa kuchagua. Kwa kuwa wewe ni mteja wetu wa thamani, tutakutumia zawadi ndogo.

Uwe na siku tulivu!

Kate,
Huduma kwa Wateja

*

Kariobangi,
14 Machi 2025

Kate,

Natumai u mzima. Mimi sijalala vizuri.

Mtu wa boda alinipigia akitaka kuelekezwa nyumba. Nikamwelekeza mbio, nikidhani analeta barua yenye muhuri. Nikafungua, kumbe ni mwavuli wa kijani na makopo mengine ya Tulia! Mimi naomba mnisaidie kumzima, nyinyi mnamwongezea kuni. Mzee sasa anatembea na huo mwavuli hata jua likiwaka, anafika nao Soko la Burma kununua nyama, akiulizwa anajibu, "Ni wa ofisi. Wananijua kwa jina."

Sasa najiuliza kama kila anayeuliza swali gumu hupewa mwavuli. Jana wakati wa kunawa alishika sinki, akasimama hapo kwa muda, akaniambia ni usingizi. Si usingizi. Namjua.

Sina swali la ofisi tena. Lililobaki ni lako. Una baba? Ungempa?

Mama Clare

*

17 Machi 2025

Mama Clare,

Habari ya jioni. Naandika na simu yangu mwenyewe kwa sababu zile za kazini zinasomwa.

Mchana ule ulioniuliza nilikula githeri, mahindi na maharagwe tu.

Nina baba, yuko Murang'a. Kopo la kwanza nilimpelekea mimi, maana tunapewa bure. Sasa hawezi kuamka bila hicho kitu. Uliponiuliza nilitoka nje nikasimama kwa ngazi.

Majibu hatuyatungi, Mama. Yako tayari. Ukiandika "moyo" au "saratani" au "mimba", tunabandika lile la uhuru wa kuchagua. Tumekatazwa kuandika ndiyo au hapana. Mtu akirudi tena na swali lile lile, anatumiwa kitu, kwa sababu mtu aliyepokea zawadi huona haya kuuliza. Wewe hukuona haya.

Sentensi uliyotaka ni hii. Nikotini inashika mtu asiweze kuacha, inapandisha presha na kukimbiza moyo, na mwenye moyo mgonjwa asiitumie, hata kama haina moshi.

Msalimie Mzee.

Kate

*

Kariobangi,
19 Machi 2025

Kwa mkubwa wa Kate,

Bwana asifiwe. Natumai familia ni nzima.

Nimepata ujumbe huu ambao nimeunakili hapo chini wote. Nilimwonyesha mume wangu akausukuma kando. "Nambari ni ngeni. Muhuri uko wapi? Hii hata mimi naweza kuandika." Mumin naye anasema huenda ni tapeli, leo githeri, kesho ataomba nimtumie pesa. Roho yangu imekataa kuamini hivyo. Lakini pia nimeshadanganywa na mwavuli.

Kwa kuwa Kate amesema simu zenu zinasomwa, nimejua wakubwa mko na mtaona. Kama ni wenu, naomba mgonge muhuri tu, hakuna kazi nyingine. Na kama ni wenu, huyo mtoto ana heshima, mumpandishe cheo.

Mama Clare

*

26 Machi 2025

Habari Mama Clare,

Asante kwa kuwasiliana na Tulia. Ujumbe uliotaja haukuidhinishwa na kampuni. Mfanyakazi aliyeutuma hayuko nasi tena. Tulia ni bidhaa isiyo na moshi, iliyotengenezwa kwa watu wazima wanaopenda uhuru wa kuchagua.

Uwe na siku tulivu!

Kate,
Huduma kwa Wateja

*

Kariobangi,
3 Aprili 2025

Mwanangu,

Sijui hata nikuite nani. Wewe ni Kate, na aliyeniandikia kwamba umefukuzwa pia ni Kate. Naandika kwa ile nambari yako mwenyewe. Ni mimi niliyepeleka maneno yako ofisini. Nilikushuku wewe, nikawaamini wao. Nimelia mbele za Bwana na sasa nalia mbele yako. Nisamehe.

Lakini ni lazima ujue la mzee. Alisoma lile jibu lao, akavua miwani. Akasema, "Mama Clare, mimi nimekaa ofisini. Karani akiandika uongo, ofisi inatoa barua ya kuusahihisha. Hawa hawajasahihisha hata neno moja. Wamemwondoa mtu, maneno wameyaacha yalivyo." Akaikunja miwani. Halafu, "Huo ndio muhuri."

Makopo aliyamwaga chooni mwenyewe. Ni mkali kama siafu, anatafuna njugu mchana kutwa na kumgombeza hata redio. Mwavuli amekataa kuugusa. Jumapili alitoka kanisani akanyeshewa mpaka nyumbani, na mwavuli umening'inia nyuma ya mlango.

Niambie tu kama uko.

Mama yako,
Mama Clare

*

Buruburu,
23 Aprili 2025

Mama,

Bwana asifiwe. Natumai presha ya Mzee inashuka na paa limezibwa.

Nilichelewa kwa sababu nilikukasirikia, siwezi kuficha. Nilidhani ulitumwa. Kampuni huwa inatupima kwa wateja wa uongo, nikajiambia, huyu mama wa maombi na githeri ndiye waliyemtumia kunikamata. Nimeisoma barua yako ya mwisho tena na tena nikitafuta mtego. Nilipofika pale pa siafu nikajua hakuna ofisi inayoweza kumtunga huyo mzee.

Mimi si Kate. Pale sote ni Kate, hata Maina wa meza ya dirishani na ndevu zake. Mimi ni Waithera Ng'ang'a. Naishi kwa shangazi hapa Buruburu, wala si mbali na kwenu.

Baba yangu hajaacha. Nimemweleza yote na kumwomba, ananiambia mimi ni mtoto, ningejua nini. Kwake mimi si ofisi. Lakini nilipomsimulia habari ya karani wa kanjo na muhuri, aliniuliza mara mbili huyo mzee anakaa wapi.

Jumamosi namleta kwenu. Mwambie Mzee Luseno avae koti lake la ofisini.

Na Mama, tafadhali usipike githeri.

Binti yako,
Waithera