Balbu Tulizomshauri Honi Anunue

Dukani kwa Vipuri,
Nyuma ya Kituo cha Mafuta.
Jumapili, tarehe 8 Februari.

Mpendwa mdogo wangu, Balozi wetu,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa wote tunaolala chini ya paa hili. Hujambo wewe, na wifi yangu hajambo? Wanangu wanaendeleaje na shule na hiyo baridi yenu? Mgongo uliokusumbua mwaka jana umetulia, au bado unatembea umepinda kama spana ya magurudumu? Sisi huku hatujambo. Mama anakula vizuri na kugomba vizuri zaidi, na goti lake limekubali tena kupanda ngazi. Shemeji yako bado anakoroma. Mimi nipo, nashukuru.

Najua umeshtuka kuona bahasha. Nimeshika kalamu kwa sababu simu yangu haiaminiki. Hujasahau jinsi nilivyowatumia wateja wangu wote picha ya goti la Mama. Na wewe nakufahamu, unasoma ujumbe huku unatafuna, unacheka kabla hujafika mwisho. Barua hii tafadhali kaa chini uisome.

Kundi letu la simu, Bunge la Bampa, lipo, ingawa siku hizi linakwenda kwa kusuasua. Kinyozi bado anatuamsha na habari za dunia kabla hata hajafagia nywele za jana. Juzi alituletea uchaguzi wa nchi ambayo hakuna kati yetu anayeweza kuionyesha kwenye ramani, tukabishana mpaka mchana utadhani tumepiga kura huko. Bei ya mafuta imepanda tena, kwa hiyo yale mahubiri yako ya magari ya umeme yangepata wasikilizaji. Lakini hayana ladha. Hakuna wa kukujibu kwamba gari lisilonguruma ni friji lenye magurudumu. Aliyekuwa akikujibu hivyo amenyamaza, na yeye ndiye aliyenifanya niandike.

Tulisema Honi amenuna. Wewe ukatuambia tumwache, akichoka kununa atarudi, na sote tukakuwekea vidole gumba. Mdogo wangu, Honi hakununa. Honi anapofuka.

Nimeandika hivyo moja kwa moja kwa sababu nimejaribu njia za kuzunguka na zote zimenishinda. Ni presha ya macho. Jicho la kushoto limeshazima kabisa. La kulia linaona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na hapo katikati penyewe pana ukungu. Anatia matone kila siku ili kilichobaki kisiondoke haraka. Kilichokwenda hakirudi, daktari amemwambia wazi.

Nilijua kwa bahati tu. Alikuja dukani wiki iliyopita na mkewe, nikaanza kumtania toka mlangoni kwamba mheshimiwa amemaliza mgomo wake. Alicheka kwa sauti ileile iliyompa jina, mpaka vioo vya kabati vikatetemeka. Kisha nikaona mkono wake unaitafuta kaunta kabla mwili haujafika. Alitaka kujua kama namfahamu mtu wa kununua gari lake. Nikampa kadi ya mnunuzi mmoja, akaisogeza puani, akaigeuza, akaisogeza tena, halafu akampa mkewe. Hapo nikamuuliza, akanieleza yote.

Lori alilokuwa akiendesha alishaliacha. Hakumgonga mtu, tumshukuru Mungu. Jioni moja aliona barabara imekatika katikati, akaegesha pembeni, akampigia tajiri wake aje na dereva mwingine. Funguo alizikabidhi mwenyewe. Umri wote ule nyuma ya usukani, na aliteremka bila hata mkwaruzo.

Sasa nije kwenye kinachonikosesha raha. Unakumbuka alivyotuuliza kundini kwa nini taa za gari lake zimekuwa hafifu? Alisema usiku anaona njano tu, na magari yanayokuja mbele yana duara la mwanga kama mwezi wenye mvua. Basi Bunge likakaa. Kinyozi alisema asugue vioo vya taa kwa dawa ya meno, na akasugua. Wewe ukasema ni rilei, ukamtumia video ya mzungu mmoja mwenye kofia. Mwingine akasema alteneta. Mimi, mtaalamu, nikasema balbu, nikamuuzia mpya. Aliporudi kulalamika kwamba hakuna nafuu nikamwambia zile zilikuwa za bei rahisi, nikamuuzia nyingine kali zaidi. Alizifunga hapahapa mbele ya duka, nikawasha mwenyewe, ukuta wa jirani ukang'aa mpaka jirani akatoka kuuliza kuna nini. Honi akasimama anautazama ule ukuta. Akasema labda nyaya.

Angekuwa mhasibu au mshona nguo angekwenda kupima macho siku ya kwanza. Lakini ni Honi, na rafiki zake ni sisi. Mwanga ukipungua tunafungua boneti. Hata yeye aliamini ni taa, anasema alikwenda hospitali baada ya kubadilisha kila kitu kinachobadilishika. Daktari alimwambia angewahi wangemwokolea mengi.

Na ile picha. Hapa sikulaumu, maana mimi nilicheka mpaka nikakaa chini. Mchezo wenyewe ulikuwa wake: mtu anapiga picha ya kipande cha gari, nusu ya taa au pembe ya bampa, wengine wanataja gari. Hakuna aliyemshinda miaka yote hiyo. Sasa wewe ukafukua kwenye picha zako za zamani ukaweka taa ya gari lake mwenyewe, lile lililokupeleka uwanja wa ndege na masanduku yako yamefungwa kwa kamba juu, naye akataja gari lingine kabisa. Ukatuma ule ujumbe wa sauti: “Honi, leo umesahau gari, kesho utaingia nyumba ya jirani uombe chakula!” Tuliucheza dukani, wateja wakacheka. Siku hiyo, ananiambia, alikuwa ameshatoka hospitali. Aliona kitu cheupe kwenye kioo cha simu, akabahatisha. Alisema pia kwamba utani wenyewe ulikuwa mzuri, angetamani angeutunga yeye.

Nilimuuliza kwa nini hakutuambia. Akanikumbusha sharti lako ulipofungua kundi: habari, magari na mambo ya dunia, basi, ya nyumbani kwako yaache nyumbani kwako. Nami ndiye niliyepiga makofi ya kwanza, maana lile kundi la awali lilikuwa limejaa pole na hongera na picha za maua asubuhi hadi jioni. Honi anasema aliandika mara kadhaa akafuta. Alijiuliza hili linaingia wapi, akaona haliingii popote. Hakusema kwa uchungu. Alifuata sharti kama anavyofuata alama za barabarani. Ndiyo maana linaniuma. Tunajua waziri gani wa nchi gani amejiuzulu na alivaa tai gani, na mwenzetu anayeishi mtaa wa pili kutoka kwangu alikuwa anaingia gizani tukimwambia abadilishe balbu.

Amenipa ruhusa nikwambie wewe peke yako. Wengine atawaambia mwenyewe akijisikia, kwa hiyo naomba ufunge mdomo huko kundini, hata Kinyozi akikuchokoza. Na usimtumie maandishi. Mpigie. Atapokea, simu siku hizi haimtoki mkononi, anasikiliza habari za redio na kuzibishia peke yake sebuleni.

Jana nilikwenda kwake. Usifikirie nyumba ya msiba. Alinifokea kwa nini nimeingia na viatu. Mkewe alinieleza kwamba asubuhi, jua linapopiga mlangoni, Honi anaketi pale anawaita watoto mmoja mmoja. Anawashika kidevu, anawasogeza karibu kabisa na lile jicho la kulia, anawatazama taratibu mpaka yule mdogo anaanza kucheka. Mkewe alinisimulia akiwa amenipa mgongo, anaosha vikombe ambavyo vilikuwa safi. Nilipokuwa naaga Honi akanishika kidevu mimi pia. Akasema nimezeeka, fidhuli yule.

Halafu akaniuliza kama bado unafuga ndevu. Picha zako za kwenye simu zimemshinda, hata akizikuza anapata pua tu. Nikamwambia ulinyoa, na kwamba umenenepa mashavu. Akasema, “Basi sijui tena anafananaje. Wengine wote nimeshawatazama, dada. Amebaki Balozi tu.”

Salamu zako nyingine ni hizi. Mama anasema kofia uliyomtumia ni kubwa, lakini haivui. Shemeji yako anakusalimu na anauliza ile jeki uliyoahidi. Shangazi yetu mshonaji anamsalimu wifi na anataka vipimo vya watoto, maana anadhani bado wana urefu uleule. Mbusu kila mmoja kwa niaba yangu. Mwenyezi Mungu awalinde, awape afya na riziki, na kukufungulia njia.

Nakuomba jambo moja, na sijawahi kukuomba kitu tangu uondoke. Kila mwaka unatuambia utakuja, kazi ikiruhusu, watoto wakifunga shule, na kila mwaka tunakuelewa. Nami nimekuwa nikikwambia usijali, tupo, hatuendi popote. Safari hii silisemi hilo. Huna haja ya kuharakisha ili umwone Honi. Honi utamwona hata mwakani, hata baada ya miaka ishirini. Mwili wake mzima na kelele zake zipo palepale. Njoo sasa, mdogo wangu, ili yeye akuone.

Ni mimi dada yako nikupendaye, hata ukinikasirikia,

Dada Vipuri