Spika ya Tatu

Mwello, Tororo
11 Desemba 2024

Mpendwa Mjomba Olupot,

Salamu zitafuata, lakini kwanza nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata Mama. Amplifaya uliyoiachia kwaya imeungua, na mimi nilijua itaungua. Nilinyamaza kwa sababu namwonea wivu Amulen.

Sasa nakusalimu. Hujambo huko Nakuru? Kifua kimepona? Sisi ni wazima na karanga tumemaliza kuvuna. Mtihani wa kumaliza shule nadhani niliufanya vizuri, hasa fizikia.

Jumapili kulikuwa na ibada ya shukrani kwa ajili yetu tuliomaliza shule. Watu walijaa hadi nje, kwa hiyo Amulen akaazima spika ya tatu, yenye ukinzani wa omu nane kama zile mbili za kwaya. Unakumbuka nyuma ya amplifaya pameandikwa omu zisipungue nne. Amulen akapasoma kwa sauti: "Hapa wanataka nne. Sisi tuko na nane mara tatu, ishirini na nne. Tumepita mbali." Wanakwaya wakampigia makofi.

Mimi nilikumbuka ulivyonifundisha. Spika zikiungwa sambamba, kila unayoongeza inapunguza omu. Nane mbili zinatoa nne. Nane tatu hazifiki hata tatu. Amplifaya ya transista haidhuriki omu zikizidi, sauti tu ndiyo inapungua. Lakini zikishuka mno, inasukuma umeme mwingi kuliko inavyoweza hadi inajiunguza.

Amulen aliniona nikitazama nyaya. "Wewe Patience, mbona kimya kama benchi? Kuna kitu unajua?"

Nikasema hakuna.

Wimbo wa pili haukuisha. Besi ilikatika, ikaja harufu ya kuungua, na Amulen akabaki mbele ya watu wote ameshika gitaa lisilolia. Mjomba, nilifurahi. Kwa muda wa ubeti mmoja nilifurahi kabisa.

Miaka minne mimi ndiye niliyekushikia tochi ukilehemu. Lakini ulipohama, gitaa ulimpa Amulen, binti wa mama mkubwa, ukasema yeye haogopi watu. Mimi uliniachia mita ya kupimia umeme. Kila Jumapili nautazama mkanda wa gitaa lile begani mwake, watu wakimsifu, na mwenye kumwonyesha waya unaingia wapi ni mimi. Hata siku ya shukrani yangu mwenyewe, waliyemshangilia ni yeye.

Sasa wanasema kosa ni la jenereta ya kanisa anayoiendesha mzee John Paul, kwamba ilitoa umeme mbaya. Baada ya miaka tisa ya kuiendesha amekatazwa kuigusa. Jana alipita hapa kwetu bila kusimama kusalimia. Nilikwenda kanisani nikaziunga spika zote tatu vile vile, nikazipima kwa mita yako. Ikasoma mbili. Jenereta haina kosa.

Jumapili baada ya ibada nitasimama mbele ya kwaya niseme yote, mimi ambaye hata kusoma matangazo nilikataa. Mita nitakuwa nayo mkononi, nisipoweza kusema niwaonyeshe.

Naomba unitumie transista za amplifaya ile, nizibadilishe mwenyewe kabla ya Krismasi. Zije kwa jina langu, si la Amulen. Wivu bado ninao, sitakudanganya.

Nisalimie mke wako Akiror na mtoto Ilukor. Mama anakusalimu sana. Mungu aipe mikono yako afya na kazi njema.

Barua hii anakuletea jirani yetu Ekwaro, anayevuka mpaka wa Busia kesho asubuhi. Mama akikupigia simu, mwulize habari za karanga tu. Nitunzie siri hii hadi Jumapili. Nataka mzee John Paul aisikie kutoka kinywani mwangu.

Mpwa wako akupendaye,
Patience