Nimeitaja Saa ya Dawa Yako Mbele ya Watu

Mume wangu, Baba Paulina,

Ndugu zako wanasema nimekuvua nguo ukiwa kaburini. Nataka habari hii uipate kwangu mimi niliyeitenda, na ujue tangu mwanzo kwamba sikuandikii kukuomba msamaha.

Unakumbuka siku uliyorudi kutoka kliniki na vidonge mfukoni. Uliketi jikoni kwetu hapa Singe, ukavua kofia, ukacheka kidogo. "Wamesema nina presha. Kidonge kimoja kila asubuhi, mpaka nife." Kesho yake nilikuwekea maji kikombeni, ukameza, ukaenda kushika usukani wa basi lako la Arusha.

Jioni ulirudi umenuna. Kile kidonge kilikuwa cha kutoa maji mwilini. Kabla ya kufika Magugu ulishasimamisha basi, ukaingia vichakani kukojoa, na abiria nao wakashuka wakidhani wamepewa nafasi ya kuchimba dawa. Minjingu ukasimama tena. Konda akakutania mbele ya watu, na mama mmoja akauliza kama dereva ni mgonjwa, basi atafutwe mwingine. Hilo ndilo lililokuuma.

Tangu hapo ukawa unameza siku za mapumziko tu. Hukunificha. Tulibishana tukipukuchua mahindi, wewe upande wako wa turubai, mimi wangu.

"Rudi kliniki ukawaeleze," nilikuambia.

"Niwaeleze nini? Yule nesi ni sawa na Paulina wetu. Nimwambie mkojo unanisumbua?"

"Mwambie hivyo hivyo."

"Mama Paulina, mwanaume hasemi maneno hayo kwa mtoto wa watu."

Nilisema nitakwenda mimi. Ukanikataza kwa sauti ambayo hukuwahi kuitumia nyumbani. Kisha ukanionea huruma, ukaniletea ndizi kutoka safari iliyofuata, ukaniambia mwili wako umeshaizoea presha. Mwili hauizoei, Baba Paulina. Unanyamaza tu, kama ulivyokuwa unanyamaza wewe.

Ulianguka stendi, ukiwa ndiyo kwanza umeteremka kwenye basi. Baba Ester, dereva mwenzako, ndiye aliyekubeba kwenye bajaji mpaka hospitali. Uliponiona ulitaka kusema, mdomo ukakataa. Nilikaa nimeushika mkono wako uliobaki na nguvu, nawe ulinibana vidole kila nilipotaja jina la Paulina. Hata sasa nikishika kitu cha moto vidole vile vinakukumbuka.

Daktari aliniuliza kama ulikuwa unameza dawa. Nikamwambia ukweli wote, hata ile habari ya Magugu. Hakunikaripia. Alivua miwani, akasema, "Angetuambia tu. Tungemhamishia muda wa kumeza, au tungembadilishia dawa."

"Kwani si lazima asubuhi?"

"Wengi tunawaambia asubuhi kwa sababu ni rahisi kukumbuka. Lakini saa nzuri ni ile ambayo mtu ataiweza kila siku bila kuruka. Hiyo ya kutoa maji hatupendi imezwe wakati wa kulala, itamwamsha kila mara. Kwa dereva, akishamaliza safari, saa kumi jioni ingefaa kabisa. Asijipangie mwenyewe tu. Aje aseme."

Saa kumi jioni. Muda huo ulikuwa unafika nyumbani, unavua viatu, unaomba chai.

Ulipofariki, wazee walisema ni kazi ya Mungu, haina makosa. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa sina nguvu ya kufungua mdomo. Lakini sikukubali. Mungu hakukuziba mdomo pale kliniki.

Mwaka ulipotimia tukafanya misa ya kumbukumbu hapa nyumbani. Mdogo wako, Shemeji Elia, akanipangia niwashukuru padre, wanajumuiya na ndugu waliotoka Dareda, kisha niketi. Nikasimama. Nikawaona madereva wenzako kwenye benchi za nyuma, wanaume wenye matumbo na shingo nene kama yako, na Baba Ester akiwa katikati yao anajifuta jasho. Shukrani zikanikauka.

Nikasema, "Mume wangu alikuwa anaruka dawa ya presha kwa sababu ilimpeleka haja ndogo barabarani, akaona aibu kulitaja hilo kliniki. Wangemhamishia saa kumi jioni. Kama yupo hapa anayeruka dawa kwa aibu kama ile, kesho aende akaseme. Asiponisikia mimi, mkewe na anisikie."

Wanaume walitazama viatu vyao. Baadhi ya wake zao waliwatazama waume zao.

Shemeji Elia alinifuata jikoni kabla chakula hakijapakuliwa. "Shemeji, umemdhalilisha kaka. Mkojo wa marehemu unatangazwa kwenye ibada?"

"Kaka yako alikojoa kama watu wote," nikamjibu. "Aibu ni kwamba amekufa kwa kulificha hilo."

Wakaniitia kikao cha ukoo. Wakataka niombe radhi na nitoe mbuzi. Nikawaambia mbuzi wangu wana kazi nyingine, nikaaga, nikatoka. Shemeji Elia sasa hanisalimii tukikutana sokoni. Namsalimia mimi.

Baba Ester alikuja siku chache baada ya misa. Alikaa hapo ulipokuwa unakaa, akazungusha kikombe cha chai mpaka kikapoa. "Mama Paulina, nami siku za safari simezi," akasema. "Nisindikize. Nikiwa peke yangu nitarudia mlangoni." Tulikwenda wote, mkewe, yeye na mimi. Alimweleza nesi binti mdogo, macho yameelekea ukutani, lakini alieleza. Wakampima, wakamuuliza ratiba yake ya safari, wakamhamishia jioni na kumpa siku ya kurudi wamwangalie. Bado anaendesha. Mkewe ananiambia hajaruka.

Ningetaka awe wewe. Sitadanganya kwamba Baba Ester ananitosha. Nakukasirikia nikitandika kitanda, nakukasirikia nikiona basi lako linapita na dereva mwingine, na bado nakupenda kuliko heshima yako uliyoichagua badala yetu. Kama huko uliko unaona aibu, ione. Mimi nimechagua wanaume wazima wenye aibu kuliko marehemu wenye heshima, na wakiniita kikao kingine nitakwenda na kusema hivi hivi.

Pumzika, Baba Paulina. Mimi sijamaliza kusema.

Mkeo,
Mama Paulina